Kununua Jina: Habari za Helena Rubinstein na Mafuta Yake

Zamani mwanamke wa Pwani aliyetaka kujipaka liwa alitwaa kipande chake, akakinyunyizia marashi, akakisugua juu ya jiwe mpaka ukapatikana uji mwororo wenye harufu njema. Kama hakusugua yeye mwenyewe, alisuguliwa na dada yake, au somo yake, au mwanamke wa jirani ambaye nyumba yake ilijulikana na kila mtu. Liwa ile ikimwasha usoni, alijua mlango wa kubisha. Sisemi kuwa kila kitu cha zamani kilikuwa salama. Wanja wa kale katika nchi nyingi ulisagwa kwa mawe yenye madini ya risasi, na madhara yake hayakuwa ya kuwaziwa tu. Nasema kwamba mwenye kutengeneza na mwenye kutumia walionana uso kwa uso.

Mafuta ya kikopo hayana jirani. Mnunuzi hawezi kuyapima kwa jicho wala kwa pua, maana rangi na harufu ndivyo vitu vinavyotiwa kwa urahisi kuliko vyote. Hawezi hata kuyahukumu kwa matokeo, kwa kuwa uso wa mtu hubadilika kwa usingizi, kwa chakula, kwa majira na kwa umri, na ni nani awezaye kujua lipi limeletwa na mafuta na lipi limekuja lenyewe? Basi hununua jina. Jina ndilo badala ya ule mlango wa kubisha. Lakini jina lina tabia moja ambayo mkono wa jirani hauna: laweza kuuzwa, na siku ya pili yake likaendelea kuonekana vile vile juu ya kikopo kile kile, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jina linapopita katika mikono mipya, ubora wa kilichomo kikoponi huenda wapi? Watu wengi hujibu upesi kuwa hupotea, kwa sababu mwasisi alipenda kazi yake na mnunuzi hupenda faida. Wengine hujibu kuwa huzidi, kwa sababu kampuni kubwa ina wataalamu na vyombo ambavyo mwasisi hakuviota. Majibu haya mawili yamenisumbua kwa muda mrefu, maana kila moja lina mifano ya kweli. Nimeona ni heri niyajaribu kwa maisha ya mwanamke mmoja aliyeliuza jina lake akiwa hai, akalinunua tena, kisha likauzwa mara nyingi baada ya kufa kwake.

Helena Rubinstein alizaliwa mwaka wa 1872 mjini Kraków, katika sehemu ya Poland iliyokuwa chini ya himaya ya Austria, akiwa wa kwanza katika mabinti wanane wa nyumba ya Kiyahudi isiyokuwa na utajiri. Mwaka wa 1896 alivuka bahari kwenda Australia, akakaa kwa mjomba wake katika kijiji cha Coleraine, jimbo la Victoria. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba sandukuni mwake mlikuwa na vikopo kumi na viwili vya mafuta ya uso aliyopewa na mama yake, na kwamba wanawake wa kijiji kile, ambao nyuso zao zilikuwa zimekaushwa kwa jua na upepo, walimwuliza siri ya ngozi yake. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Bibi huyu alikuwa fundi wa kusimulia, wala hakupenda hadithi yake iwe moja kila aliposimulia.

Lililo hakika ni kwamba Coleraine ni nchi ya kondoo, na manyoya ya kondoo yana nta yake. Nta hiyo ikisafishwa huitwa lanolini. Wajerumani wawili, Liebreich na Braun, walipata hati ya kuisafisha kwa namna inayofaa dawa na mafuta ya mwili katika mwaka wa 1882, yaani miaka kumi na minne tu kabla ya msichana huyu kushuka pwani ya Australia. Sifa ya lanolini ni kuwa hunywa maji mengi, kupita hata uzito wake yenyewe, ikayashika. Ikipakwa usoni huizuia ngozi isipoteze unyevu. Aibu yake ni kuwa hunuka kondoo. Rubinstein aliifunika harufu hiyo kwa manukato ya maua, akayaita mafuta yake Valaze, na mwanzoni mwa karne ya 20 akafungua duka mjini Melbourne.

Hapa yapasa kusimama kidogo. Matangazo ya Valaze yalisema kuwa mafuta yale yalitungwa na daktari mashuhuri wa Ulaya, kwa mitishamba adimu ya milima ya Carpathian. Walioyachungua maisha yake wamekubaliana kwamba msingi wake ulikuwa ile nta ya kondoo waliokuwa wakilisha nyuma ya nyumba ya mjomba. Basi tazama ajabu ya jambo hili: kilichokuwamo ndani ya kikopo kilikuwa kizuri, na kilichoandikwa nje kilikuwa uongo. Mwanamke wa Melbourne aliyelipa fedha nyingi kwa ajili ya mitishamba ya mbali alipata lanolini ya karibu, na ngozi yake ikapata nafuu ya kweli. Je, huyo alidanganywa au hakudanganywa? Wale wasemao kuwa ubora hukaa na mwasisi na kuondoka naye wangefaa kulijibu swali hili kwanza. Mimi naona kuwa alidanganywa, lakini hakudhurika. Na tofauti ya mambo hayo mawili itatufaa mbele.

Kutoka Melbourne alikwenda London, akafungua nyumba ya urembo mwaka wa 1908, kisha Paris, na vita vya dunia vilipoanza alihamia Marekani, akafungua New York mwaka wa 1915. Nyumba hizo hazikuwa maduka kwa maana ya kawaida. Mteja aliketi, uso wake ukatazamwa, akaambiwa kama ngozi yake ni kavu au ina mafuta, ndipo akachaguliwa kikopo. Rubinstein alipenda kupigwa picha amevaa koti jeupe la maabara. Ulikuwa mchezo wa kuigiza kwa sehemu, lakini si wote, kwa kuwa mafuta ya ngozi kavu humwudhi mwenye ngozi ya mafuta, na ushauri ni sehemu ya bidhaa kama kifuniko kilivyo sehemu ya chupa.

Mwaka wa 1928 aliiuza biashara yake ya Marekani kwa benki ya Lehman Brothers ya New York, kwa dola milioni 7.3. Biashara ya Ulaya aliishika mwenyewe. Inasimuliwa kuwa alitaka kurudi Paris kuiokoa ndoa yake, na benki zilikuwa zikinunua kila kitu katika miaka ile ya wazimu wa hisa. Wenye benki waliigawa kampuni katika hisa, wakaziuza kwa watu. Kisha wakaanza kuyatoa mafuta ya Rubinstein katika maduka makubwa ya fahari na kuyapeleka katika maduka madogo ya mitaani, kwa bei ya chini, ili yanunuliwe na watu wengi zaidi.

Ni rahisi kuwacheka. Lakini hebu tuitazame hesabu yao kama walivyoiona wao. Nyumba ya urembo ina kodi, mazulia, vioo, na wasichana waliofundishwa wanaotumia muda mrefu kwa mteja mmoja anayeondoka na kikopo kimoja. Kikopo hicho hicho, kikiwekwa juu ya meza ya duka la dawa, hujiuza chenyewe. Kila mstari wa hesabu huonyesha kuwa nyumba ni gharama na duka ni faida. Kisichoandikwa katika hesabu ni kwamba watu hukinunua kikopo cha dukani kwa sababu nyumba ipo. Mwenye hisa anayetazamia kuuza hisa zake mwakani hana haja ya kuhesabu kitu kitakachoharibika baada ya miaka mitano.

Liko jambo jingine ambalo waandishi wa habari za biashara hulipita, nami nalipenda kwa kuwa ni la mikono. Mafuta ya uso ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kupatana. Hayapatani kwa hiari yao. Yakikaa dirishani penye jua, au ghalani penye joto, au yakingoja mnunuzi kwa muda mrefu mno, huanza kuachana; maji hukaa upande mmoja, mafuta hubaki upande mwingine, na harufu huchacha. Duka lenye wateja wengi na mshauri mjuzi huuza kikopo kingali kipya. Duka dogo, ambalo huuza pia sigara na peremende, laweza kukiweka kikopo hicho tangu majira hata majira. Basi anayeyapeleka mafuta yale yale mahali pengine pa kuuzia ameyabadili, ijapokuwa hakugusa hata dawa moja katika chungu cha kiwanda. Wenye benki hawakuhitaji kupunguza lanolini ili wapunguze ubora.

Rubinstein aliudhika, na kuudhika kwake kulikuwa na akili. Aliwaandikia wanawake wenye hisa chache chache, wengi wao wakiwa wateja wake, akiwauliza kama wanaona inafaa wanaume wa benki waendeshe kazi ya urembo wa wanawake. Wakati huo huo alinunua hisa kimya kimya. Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na hisa za kampuni yake zikaanguka pamoja na zote. Hazikupita siku nyingi akairudisha kampuni mkononi mwake kwa bei isiyofika hata robo ya ile aliyoiuzia. Alirudisha bidhaa katika maduka ya fahari, akapandisha bei.

Hadithi hii husimuliwa mara kwa mara kama ushindi wa fundi juu ya mfanyabiashara. Sina ugomvi na furaha ya wasimuliaji, lakini nina ugomvi na hitimisho lao. Rubinstein hakuwa fundi asiyejua fedha. Aliwashinda wenye benki kwa silaha yao wenyewe, akatajirika kwa anguko lililowafukarisha wengi, pengine hata baadhi ya wanawake wale wale aliowaandikia barua. Alilolitetea lilikuwa jina, na ubora ulinufaika kwa sababu ulikuwa umefungwa pamoja na jina hilo kwa kamba moja. Alikuwa ameandikwa juu ya kikopo. Kikopo kikimwasha mtu, uso ulioaibika ulikuwa wake.

Na kwa wenye kampuni ambao hawakuwa na uso wa kuaibika, mambo yalikuwaje? Miaka ile ile ya 1930 yatosha kutuonyesha. Palikuwa na dawa ya kuondoa nywele iliyoitwa Koremlu, iliyouzwa Marekani na kampuni ndogo, si benki wala shirika kubwa. Kiini chake kilikuwa thaliamu, sumu iliyotumiwa kuulia panya. Wanawake waliojipaka mdomoni walipotewa na nywele za kichwa, wakapatwa na maumivu ya miguu, na wengine wakapooza. Madai yakawa mengi, kampuni ikafilisika, na waliodhurika hawakupata cha maana. Palikuwa na Lash Lure, rangi ya kope na nyusi iliyotokana na lami ya makaa ya mawe. Yapo maandishi ya waganga juu ya wanawake waliovimba macho, waliopofuka, na mmoja aliyekufa. Picha ya mwanamke mmoja, kabla na baada, iliwekwa katika maonyesho ya idara ya serikali yaliyopewa na waandishi jina la chumba cha vitisho. Serikali iliweza kuonyesha picha. Haikuweza kuizuia rangi yenyewe, maana sheria ya mwaka wa 1906 ilihusu chakula na dawa, na vipodozi havikutajwa ndani yake.

Sheria mpya ilitiwa sahihi na Rais Roosevelt mwezi Juni 1938. Kwa mara ya kwanza vipodozi vilihesabiwa kuwa vitu ambavyo serikali yaweza kuvikamata vikiwa na sumu au vikiandikwa uongo, na Lash Lure ikawa ya kwanza kukamatwa kwa vipodozi. Sheria hiyo ilikuwa na matundu. Rangi za nywele zitokanazo na lami ziliachwa kwa sharti la kuandikiwa onyo, na hakuna mtengenezaji aliyelazimishwa kuonyesha usalama wa mafuta yake kabla ya kuyauza. Orodha ya vitu vilivyomo ndani haikuanza kuandikwa kwa lazima juu ya vikopo vya Marekani mpaka miaka ya 1970, na uwezo wa serikali yao kuamuru kipodozi chenye hatari kiondolewe sokoni ulikuja kwa sheria ya mwaka wa 2022. Hata hivyo, baada ya 1938, wenye kutangaza mafuta kuwa ni chakula cha ngozi walianza kupokea barua wasizozipenda, na mabwana na mabibi wakubwa wa urembo, Rubinstein akiwamo, hawakusalimika. Mitishamba ya Carpathian ilikuwa na bahati ya kuzaliwa mapema.

Lakini sheria ya nchi huishia mpakani, na tukifika hapo habari hii inatuhusu sisi wenyewe. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la waganga wa Uingereza juu ya wagonjwa watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaopoteza protini mwilini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Huingia pia mwilini, na figo ndizo zinazopokea mzigo. Miaka minne baadaye, 1976, Jumuiya ya Ulaya ilitoa kanuni za vipodozi zilizoikataza zebaki, isipokuwa kiasi kidogo mno katika vitu vya macho. Mtu angedhani kuwa kwa Ulaya mambo yalikwisha. Hayakwisha. Sabuni zenye zebaki ziliendelea kutengenezwa huko kwa ajili ya kupelekwa nje, na Afrika ilikuwa soko lake. Katazo la Ulaya la kuzipeleka nje lilikuja mwaka wa 2003. Kati ya miaka hiyo miwili ni miaka 27, ambamo kitu kisichofaa kwa uso wa mwanamke wa kule kilihesabiwa kufaa kwa uso wa mwanamke wa huku.

Katika jambo hili haikujalisha kama kampuni ilikuwa ya mwasisi, au ya wenye hisa, au ya familia. Jina lililopigwa chapa juu ya sabuni ya kupelekwa mbali halikuwa jina la mtu aliyeweza kuonwa na mnunuzi, na sheria ya nyumbani kwa mwenye kiwanda haikumfuata mpaka bandarini. Vitu viwili vimzuiavyo mwenye mali, aibu na sheria, vyote viwili vilikosekana kwa pamoja. Ndiyo sababu sioni kuwa swali kubwa ni nani anayemiliki; swali kubwa ni mmiliki anamwogopa nani.

Turudi kwa Rubinstein. Alifariki New York tarehe 1 Aprili 1965, akiwa bado mkuu wa kampuni yake. Mwaka wa 1973 kampuni hiyo ilinunuliwa na Colgate-Palmolive, watengenezaji wa sabuni na dawa ya meno, kwa zaidi ya dola milioni 140. Walikuwa mafundi wa kuuza kitu kimoja kwa mamilioni ya watu wasiohitaji ushauri. Dawa ya meno haina ngozi kavu na ngozi ya mafuta. Mauzo yalidhoofika, hasara ikafuata hasara, na mwaka wa 1980 wakaiuza kwa kampuni ndogo iitwayo Albi kwa dola milioni 20. Ilikuwa kana kwamba kosa la 1928 limerudiwa, isipokuwa safari hii mwenyewe hakuwapo kuandika barua.

Nisije nikaonekana kuwaonea wakubwa, nitataja upande wa pili. Hasimu wake wa maisha yote, Elizabeth Arden, alifariki mwaka wa 1966, na mwaka wa 1971 kampuni yake ikanunuliwa na Eli Lilly, watengenezaji wa dawa za hospitali. Mwanzo ulikuwa mgumu. Lakini watu wa dawa wamezoea kungoja. Dawa moja huchukua miaka mingi kabla haijauzwa. Walitia fedha, wakavumilia hasara, na walipoiuza mwaka wa 1987 ilipata bei ya zaidi ya dola milioni 600. Colgate na Lilly wote wawili walikuwa makampuni makubwa, wote wawili wageni katika kazi ya urembo, wote wawili walinunua jina la mwanamke aliyekufa katika muda wa miaka miwili hivi. Kilichowatofautisha ni subira, na subira haionekani katika ukubwa wa kampuni.

Jina la Rubinstein hatimaye liliingia katika milki ya L'Oréal ya Ufaransa, iliyokamilisha ununuzi wake mwaka wa 1988. Katika ununuzi huo alishughulika sana Jacques Corrèze, mkuu wa kampuni iliyoiwakilisha L'Oréal katika Marekani. Wakati Wajerumani walipoikalia Ufaransa, Corrèze alikuwa miongoni mwa watu waliojitwalia nyumba na mali za Wayahudi wa Paris, na baada ya vita alihukumiwa kwa ushirika wake na adui. Habari hizo zilipotangazwa alijiuzulu, mwaka wa 1991, akafa mwaka huo huo. Jina la binti wa Kiyahudi wa Kraków lilikuwa limepitia mikononi mwa mtu wa namna hiyo, nalo halikuwa na njia ya kumkataa mnunuzi. Mafuta yaliyokuwamo kikoponi, nadhani, hayakuharibika kwa ajili hiyo hata kidogo. Maabara za L'Oréal ni miongoni mwa zilizo kubwa kabisa katika kazi hii; mwasisi wake, Eugène Schueller, alikuwa mkemia.

Wenye mali wapya walilitafakari jina hilo kwa utaratibu. Mwaka wa 2003 waliliondoa katika soko la Marekani, mahali lilipopatia utajiri, wakaliweka zaidi katika Ulaya na Asia, na hasa baadaye katika China. Hawakulipeleka katika maduka madogo ya mitaani. Waliliweka katika daraja ya ghali kuliko karibu majina yao yote, likauzwa pamoja na ushauri, mteja akiwa ameketi.